Viti Kumi na Viwili na Kile Kinachocheza

Nimeshona nguo Kamalondo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na katika muda wote huo sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitatengeneza kiti. Mimi nina kiburi na kazi yangu. Nilijua kola, nilijua mikono, nilijua jinsi ya kumfichia tumbo mama wa watoto saba siku ya ubatizo. Viti niliwaachia watu wanaotembea na misumari mdomoni. Lakini mwaka ule Goma ilipochukuliwa na waasi, mambo mengi yalianguka hata huku kwetu Lubumbashi, ambako vita tulivisikia redioni tu, na mimi nikajikuta nimeketi mbele ya mashine inayokata kwa mwanga, na katoni inayonuka samaki mapajani, nikigombana na milimita.

Sababu ilikuwa mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa bado anatambaa, nikamlea mimi, kwa hiyo mambo yake huniuma kuliko yangu. Alikuwa amempenda binti mmoja aliyetoka Goma kuja kusomea uuguzi, akawa anaishi kwa mama yake mkubwa, mwenye depo ya sabuni, biskuti na mafuta, mtaa wa pili kutoka chumba changu cha kushonea. Huyo mwenye depo alikuwa mteja wangu na rafiki yangu. Ni mtu wa Butembo, mwembamba, mwenye sauti ya kusimamisha lori, na tulikuwa tumecheka pamoja miaka mingi kabla ya watoto wetu kutufanya wakwe. Sisi ni Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga, babu yetu alikuja na reli. Wao ni watu wa biashara na kwaya. Hakuna aliyeona tatizo. Tulikuwa tumeshanunua hata kitenge cha siku ya kwenda kumwomba binti, cha njano chenye ndege wa buluu, na nilikuwa nimeshakikata chote.

Kisha mambo yakaharibika. Ndege zikaacha kuruka, benki za kule zikafungwa, malori mawili ya rafiki yangu yakakwama mahali ambapo hata dereva hakuweza kupaeleza. Wateja wangu wakaacha kushona. Nani anashona nguo mpya wakati simu za ndugu zake hazipatikani? Baada ya wiki tano, mama wa binti akafika. Alikuwa amevuka maziwa mawili, na sehemu iliyobaki ameipita juu ya mizigo ya lori, akiwa na watoto wanne na sufuria moja. Mume wake, seremala, alibaki nyuma kulinda nyumba na karakana.

Rafiki yangu alimpokea mdogo wake kwa mikono miwili, akamwonyesha sofa. Yule mama akashukuru, akatandika mkeka karibu na mlango, akakaa chini. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki ya tatu bado alikuwa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, kama wanawake wanavyokaa kwenye matanga, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Nyumbani kwake alikuwa na viti kumi na viwili vya mbao ya libuyu, ambavyo mume wake alivitengeneza mwaka yule binti alipozaliwa. Alivihesabu kwa maneno mbele ya kila mgeni.

Tulipotuma ujumbe kwamba tunataka kuja, akakataa. Rafiki yangu alinijia chumbani kwangu kuniletea jibu, akakaa juu ya furushi la vitambaa bila kuomba ruhusa.

"Anasema hawezi pokea bakwe, hana fasi ya kubakalisha," akaniambia.

"Si una sofa?"

"Anasema ile ni ya yaya yake, ni kusema mimi mukubwa wake. Binti yake hawezi kuombwa juu ya kiti ya muntu mwingine."

"Basi tukodi viti vya plastiki."

"Nilimuambia. Anasema vile ni bya ku matanga."

"Basi anunue vyake, hata vinne."

Hapo rafiki yangu alishusha sauti, na yeye si mtu wa kushusha sauti. "Anasema akinunua viti huku, ni kusema harudie tena kwake. Anasema tungojee barudi Goma."

Na nani alijua watarudi lini? Mdogo wangu alipolisikia jibu hilo aliacha kula kwangu. Baba yetu mdogo ndiye aliyesema. Huyo alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu, ndiye mzee wetu na msemaji wetu, mtu mkubwa kwa sauti, kwa heshima na kwa kiuno. Alisema hizo ni njia za kukataa kwa adabu, na kwamba mvua zikikatika kabla hatujapokelewa, yeye atafunga mazungumzo na kumtafutia kijana mke kwingine. Nilimjua. Akishasema jambo mbele ya watu wawili, halirudi. Nilikuwa na miezi miwili ya mvua.

Nilikwenda depo nikiwa na hasira. Nilitaka rafiki yangu amlazimishe mdogo wake. Yeye alitaka mimi nimlainishe baba mdogo. Kila mmoja aliona wa mwenzake ndiye mkaidi. Katika kugombana huko nikajitupa juu ya katoni tupu ya chupa za mafuta iliyokuwa imepinduliwa pale mlangoni, na nikaendelea kusema. Nilisema kama robo saa. Niliponyanyuka ndipo nilipokumbuka kwamba ile ilikuwa katoni tupu, na kwamba mimi si mwanamke wa kukaa juu ya katoni tupu. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na vile vipande vya kutenganisha chupa, vimekatwa mikato, kimoja kimeingia katika kingine, vyumba kumi na viwili bila gundi, bila uzi, bila msumari. Nilivichomoa na kuvichomeka tena mara tano. Rafiki yangu aliniuliza kama niko mzima.

"Depo yako ina katoni ngapi tupu?" nikamwuliza.

"Siku hizi nauza nini tena? Iko tupu yote."

Mtaani kwetu kulikuwa na mtu tuliyemwita injinia. Zamani alichora vibao vya usalama vya machimbo upande wa Kinsevere, kisha akanunua mashine yake mwenyewe kutoka China, sanduku kubwa kama friza, ambalo ndani yake mwale wa mwanga unatembea na kukata unachokichora kwenye kompyuta. Alikata majina ya makanisa, vikombe vya mashindano ya mpira, kadi za arusi. Mwaka ule hakuna aliyehitaji kikombe, na mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza. Nilimpelekea mchoro kwenye karatasi ya patroni, ile ya kuchorea mikato ya nguo, kwa chaki ya nguo: mbavu tano za kusimama, mbavu tano za kupita, kila moja na mikato nusu ya urefu wake, zishikane kama zile za katoni ya chupa, na juu yake kifuniko cha kukalia. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaondoa kitambaa cha meza.

Tulikata kiti cha kwanza katika asubuhi moja. Nilikuwa nimepima unene wa katoni kwa makini, na kwa kila mkato nikaongeza kidogo. Hakuna aliyenifundisha kuongeza. Mkono wangu uliongeza wenyewe. Nguo isiyoongezwa inapasuka kwapani mtu anapoinua mkono kumpungia padri. Ukinipa kifua cha sentimita tisini, mimi nakata tisini na sita, ili mtu apumue. Kiti kilipangika vizuri sana. Vipande viliingia kwa kidole kimoja, laini kabisa, nikafurahi na kumwita rafiki yangu aje aone.

Nilimwambia angoje kwanza nikiegemeze ukutani. Hakungoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: alijiketisha kama malkia, akaweka mikono mapajani, kiti kikaenda upande wa kushoto polepole, mbavu zote zikalala pamoja kama watu wanaosikiliza hotuba ndefu, na mwenye depo wa Kamalondo akawa sakafuni, miguu juu, kilemba machoni. Hakuumia. Injinia aligeuka ukutani, mabega yakitetemeka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mashine, na ilikuwa bado ya moto.

"Ndio bile utabakalisha bakwe?" akauliza rafiki yangu kutoka chini. "Bamwagike bote mara moja?"

Injinia alipopata sauti yake alinionyesha kosa. "Yaya, nguo inangojea muntu apumue," akasema. "Karto haina mapafu. Ukiipatia nafasi, inatoka."

Halafu akanieleza jambo la pili, ambalo lilinichoma zaidi. Ule mwale wenyewe unakula. Unapopita juu ya mstari, unaondoka na unene wa uzi kila upande, na mkato unabaki mpana kuliko ulivyochora. Kwa hiyo mimi niliongeza, na mashine ikaongeza. Kwenye kazi hii unapaswa kuchora mkato ulio mwembamba kuliko katoni, ili vipande vibanane na kukataa kuachana. Maisha yangu yote nilikuwa nimelipwa kwa kulegeza, na sasa natakiwa kubana. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika na mikono yangu.

Kile kiti cha kwanza sikuweza kukitupa. Mikato yake ilikuwa mikubwa, basi nikafanya kile ambacho fundi wa nguo angefanya: nilichukua mabaki ya kile kitenge cha njano, nikayakata vipande vyembamba, nikavisokomeza kwenye kila kiungo kwa ncha ya mkasi. Kikasimama. Kilicheza kidogo ukikikalia, lakini kilisimama. Nilikiacha depo, na watoto waliotoka Goma wakawa wanakiwekea ndoo ya maji.

Kisha tukaanza upya, kwa akili. Injinia alinifundisha kukata kitana: ukanda mmoja wa katoni wenye meno, na kila pengo kati ya meno limepungua kuliko la jirani kwa unene wa karatasi. Unachukua kipande cha katoni ileile, unakisukuma katika kila pengo. Hapa kinaanguka chenyewe. Hapa kinaingia lakini kinateleza. Hapa kinaingia kwa kusukumwa na gumba, na ukiinua kitana juu na kukitikisa, kipande hakitoki. Hapo ndipo penyewe. Unaandika namba kwa kalamu. Niliona raha isiyo na maelezo kutikisa vile vitana. Nilivitikisa hata wakati wa kula.

Tatizo ni kwamba kila katoni ilitaka kitana chake. Za biskuti zilikuwa nyembamba na kavu. Za sabuni zilikuwa nene, za tabaka mbili, ndizo nilizozipenda. Za vigae tulizipata sita tu, ngumu kama mbao. Na kulikuwa na zile ambazo rafiki yangu alipelekea sabuni Kasomeno zikarudi na samaki wakavu wa barabara ya Kasenga. Hizo zilikuwa zimelainika, kidole kinaingia, na harufu yake iliita paka wa mtaa mzima kwenye mlango wa injinia. Siku za mvua zote zilivimba. Kitana kilichobana Jumatatu kilikataa kabisa Alhamisi. Tulijifunza kuanika katoni juu ya mkaa kwanza, mbali kidogo, nikiwa nazigeuza kama mikate.

Jambo moja sikuhitaji kufundishwa. Ndani ya katoni kuna mawimbi, na yana mwelekeo, sawa na uzi wa kitambaa. Injinia alikuwa amepanga vipande kwenye kompyuta ovyo ovyo ili kuokoa nafasi. Nilimwambia vipande vya kusimama lazima mawimbi yake yasimame, la sivyo vitajikunja magotini kama suruali iliyokatwa mshazari. Alibisha. Tukakata viwili, kimoja chake, kimoja changu, na tukaweka mfuko wa saruji juu ya kila kimoja. Chake kilipiga magoti. Kwa siku nzima nilitembea nikiwa nimeinua kidevu.

Na nilikuwa na siri nyingine iliyonifaa. Watu watakaokaa kwenye viti hivyo walikuwa watu wangu, na mimi ndiye niliyewashonea. Nilikuwa na daftari la vipimo vya ukoo mzima. Shangazi wa kwanza, kiuno mia moja na nne. Binamu mwembamba, sabini na tisa, huyo hata katoni ya samaki ingemtosha. Baba mdogo, mia moja thelathini na nane, na hicho ni kipimo cha kabla ya Krismasi. Kiti chake nilikikata kwenye katoni za vigae, mbavu saba kila upande, na tulikijaribu kwa mifuko miwili ya saruji na mimi juu yake, nimekaa na kunywa chai yangu mpaka mwisho.

Umeme ulikatwa kila siku kwa zamu, na mara nyingi mwale ulisimama katikati ya mbavu. Mara mbili katoni ilishika moto, injinia akauzima kwa sifongo mbichi aliyoiweka tayari kama padri na maji ya baraka. Lakini katika wiki tatu tulipata viti kumi na viwili, vimelala bapa, kila kimoja kimefungwa kamba. Furushi lote nilikuwa naweza kulibeba kichwani. Nililibeba mara moja kuzunguka karakana ya injinia, kwa majivuno tu.

Kulipeleka ndiko sikuweza. Sisi ndio tunaokwenda kuomba. Hatuwezi kuwaletea watu viti halafu tukaja kuvikalia na kusema tumepokelewa. Mama wa binti angejua vimetoka kwetu, angevirudisha siku hiyohiyo, na angekuwa na haki. Basi rafiki yangu akavichukua kwenye mkokoteni wake na kuviingiza nyumbani kama mzigo wa depo. Yaliyotokea huko alinisimulia yeye.

Aliweka furushi mbele ya mkeka, akasema, "Hivi si viti. Ni makarton. Ukirudia kwako unavunja, unaweka mu sakoshi, unabeba." Rafiki yangu akaenda kupika. Aliporudi kutoka kugeuza sombe, yale majani ya muhogo, mdogo wake alikuwa amefungua kamba moja, ameshika mbavu mbili, anazitazama kwenye mkato. Mke wa seremala anajua kiungo. Alizisukuma moja ndani ya nyingine, akazitikisa, hazikuachana. Akachukua ya tatu. Alifanya kazi mchana mzima pale chini, bila kuuliza swali, akawafukuza watoto waliotaka kusaidia. Jioni viti kumi na viwili vilikuwa vimesimama sebuleni, na yeye akavizunguka akipiga kila kimoja kwa kiganja. Kisha akarudi kukaa kwenye mkeka.

"Bakuje," akasema.

Tulikwenda Jumamosi, mvua inanyesha. Nilikuwa nimelala vibaya, nikiwaza unyevu. Tulipanga kuwa kumi na wawili, lakini baba mdogo alimleta rafiki yake wa reli, mzee ambaye hakukataliwa kitu tangu azaliwe, na huyo mzee akaketi kwenye kiti changu. Nikabaki nimesimama katika nguo ya njano. Mtoto mmoja akakimbia nyuma kwenye depo, akaondoa ndoo ya maji, akaniletea kile kiti cha kwanza.

Niliketi nusu. Anayejua kiti hicho anajua ninachosema: mapaja yalifanya kazi, kiti kilisindikiza tu. Niliwatazama watu wangu mmoja mmoja wakishuka. Hakuna kilichotikisika. Baba mdogo alikitazama chake, akakizunguka, akaketi kwa hatua tatu, na mimi nikaacha kupumua katika zote. Kilitoa sauti moja ndogo ya kukubali. Akajisogeza, akakipiga ubavuni, uso wake ukafunguka. Paka alipita mlangoni akamfuata binamu yangu mwembamba, wala sikushangaa.

Maneno yakaanza. Salamu, mvua, safari, reli, vita. Kaka wa mwenye depo aliongea kwa upande wao. Kisha zamu ikafika kwa baba mdogo, tukamngoja aseme kilichotuleta, na yeye akageukia mlango. Alikuwa anamtazama mama wa binti, ambaye bado alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Mama," akasema, "mi nakuya kukuomba. Muntu anayeomba hawezi kuwa juu, na mwenye kuombwa iko chini."

"Mi niko muzuri hapa, baba," akajibu yule mama.

"Basi na mi nashuka."

Akaweka mikono magotini kuanza kunyanyuka ili ashuke. Sote tulijua maana yake. Baba mdogo akikaa sakafuni, kumwinua ni kazi ya wanaume wanne, na siku hiyo tulikuwa na watatu. Mama wa binti naye aliona. Akainua mkono. "Hapana, baba. Usifanye bile." Akatazama huku na huku kutafuta mahali, na viti vyote vilikuwa na watu.

Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kwa wanawake wa upande wetu, na ndiye niliyekuwa tayari nusu nimesimama. Nikamsogezea changu. Mkono ulikuwa umeshakisukuma kabla akili haijanikumbusha ni kipi, na huwezi kumpa mkwe kiti halafu ukamnyang'anya. Nikakaa kwenye mkeka wake nikamwomba Mungu kwa haraka.

Hakuketi mara moja. Aliinama, akashika kona ya kitambaa cha njano kilichochungulia kwenye kiungo, akamwona ndege wa buluu. Kisha akanitazama mimi, nguo yangu yote, kuanzia kola hadi pindo, ndege kwa ndege. Nilitaka sakafu inimeze. Wiki zote zile za siri, na mimi mwenyewe nimeifichua kwa sare ya ukoo. Rafiki yangu, kwenye sofa, alianza kukohoa.

Yule mama akakirudisha kitambaa ndani kwa kidole, taratibu. Akaketi.

Kiti kikaenda kushoto kidogo, kikarudi kulia, kikatulia. Akajisogeza. Kikacheza tena.

"Inacheza," akasema.

Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya Katanga yote. Lakini yeye akakichezesha mara ya tatu, kwa makusudi, mbele na nyuma.

"Kiti yangu yenye nilikuwa nakalia kule kwetu ilikuwa inacheza vile vile," akasema. "Miaka ishirini. Bwana yangu anatengenezea bantu bote. Ya bibi yake, ni kesho, ni kesho."

Na akaanza kucheka. Mganga hajigangi, akasema mzee wa reli, na hapo chumba kizima kikacheka naye, hata wale wasioelewa. Alicheka huku akijifuta macho kwa kiganja, na mimi pale chini kwenye mkeka nililia waziwazi, bila aibu, maana nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha. Baba mdogo alingoja mpaka tukanyamaza, akasafisha koo, akamwomba binti. Mama wa binti akasema ndiyo akiwa amekaa.

Tulikuwa tunakula simu ilipopatikana. Aliyepiga alikuwa mume wa yule mama. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda siku hizo, basi akaiweka wazi ili asikose neno, na sote tukaacha kutafuna.

"Bamefika?" akauliza yule seremala.

"Bote. Bamekaa."

"Ku nini?"

"Ku viti. Haina misumari, haina gundi. Ukuje utaona."

Baadaye rafiki yangu aliniambia kwamba kila simu seremala aliuliza swali moja, na kila simu jibu lilikuwa neno moja, chini.

"Na wewe," akasema, "umekaa wapi?"

"Ku ile yenye inacheza."

Tulimsikia akicheka, mbali, cheko la mtu aliyekamatwa. Kisha akasema, "Usiache muntu aitengeneze. Nitakuja kuitengeneza mwenyewe."

Mdogo wangu ameoa, na viti vile kumi na viwili vimeshalainika, tumevibadilisha mara mbili. Injinia sasa ana oda nyingi za viti kuliko za vikombe. Njia ya kule haijafunguka na seremala bado hajafika. Kile cha kwanza kiko palepale sebuleni kwa mwenye depo, na mke wa seremala hukikalia kila siku akichambua mchele. Nikimtembelea naona kitambaa changu cha njano kinachungulia kwenye viungo, kimelegea, na mikono yangu inawasha, maana siwezi kuona kitu kimelegea nikakiacha. Hicho sijakigusa.